Uliza Mikono ya Nani: Siku Moja ya Kuzuru Kumbukumbu za Kale Kutoka Thika

Jumapili ni moja tu kwa wiki, na kwa mfanyakazi wa shifti hata hiyo moja haina uhakika. Ndiyo maana chama cha wafanyakazi kinapokusanya mchango wa matembezi, mabishano huwa makali. Mombasa ni mbali. Nairobi tunaiona kila siku. Katika kikao kimoja cha chama chetu hapa Eneo la Viwanda Thika, mama mmoja wa kitengo cha kufungasha alisema yeye ana ndoto moja, kuziona piramidi za Misri kabla hajazeeka. Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua anachotaka hasa: kusimama mbele ya kitu kilichowazidi umri babu wa babu zake, na kuambiwa na mtu anayejua kilifikaje pale.

Misri ni nauli ya ndege, na nauli ya ndege ni akiba ya miaka. Lakini siku ya kuzuru kumbukumbu za kale pamoja na mwongozaji mwema inawezekana hapa hapa, kwa matatu ya kukodi, ukatoka alfajiri na kurudi kabla ya giza. Nimepanga siku kama hiyo kwa wenzangu mara kadhaa. Nyingine zilifana, nyingine ziliharibika. Haya ninayoandika ni mafunzo ya zile zilizofana na zile zilizoharibika.

Swali la kubeba

Nianze na Misri, kwa sababu swali ambalo nataka mlibebe siku nzima nililipata huko kwa kusoma.

Piramidi kubwa ya Giza, ya mfalme Khufu, ina umri wa miaka 4,500 hivi. Ilipojengwa ilifika urefu wa mita 146 hivi, na inakadiriwa kuwa ina mawe zaidi ya milioni 2. Watu wengi huambiwa hayo, wakapiga picha, wakaondoka. Lakini mwaka 1990, karibu na piramidi hizo, farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo uliokuwa umefunikwa na mchanga, na huo ukawa mwanzo wa kufukuliwa kwa makaburi ya wafanyakazi waliozijenga. Jirani na hapo wanaakiolojia walifukua pia mji wao, wenye majiko ya kuokea mikate na mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi walioliwa. Baadhi ya mifupa ya wafanyakazi wenyewe ilionyesha kuwa walivunjika mikono na miguu, wakatibiwa, wakapona.

Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo ambazo ndizo kongwe zaidi zenye maandishi kuwahi kugunduliwa. Hazikuandikwa na mfalme. Ni kumbukumbu za kazi za mtu aliyeitwa Merer, kiongozi wa kikosi cha mabaharia, aliyeandika siku baada ya siku jinsi walivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Kwa lugha yetu ya kiwandani, ni kitabu cha msimamizi wa shifti.

Na kuna jambo lingine ambalo kila mfanyakazi wa Thika na Ruiru anapaswa kulijua. Takriban mwaka 1157 kabla ya Kristo, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina waliokuwa wakichonga makaburi ya wafalme waliweka zana chini na kwenda kuketi kwenye mahekalu. Malipo yao ya nafaka yalikuwa yamechelewa, na walisema wana njaa. Huo ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao kumbukumbu yake ya maandishi imetufikia.

Basi swali lenyewe ni hili: *mikono ya nani?* Popote mtakapopelekwa, kwenye kaburi, mti, reli au hoteli, msitosheke na jina la mwenye mali. Ulizeni nani alibeba, nani alichimba, alilipwa nini, na yuko wapi sasa. Mwongozaji anayeweza kujibu hilo, au anayekubali kwenda kulitafuta jibu lake, huyo ndiye wenu.

Tafuteni mwongozaji kabla ya gari

Kosa letu la kwanza lilikuwa kukodi gari kwanza, kisha kumkubali mwongozaji aliyeletwa na mwenye gari. Kijana yule alituahidi sehemu nane kwa siku moja. Tulizifikia zote nane. Katika kila moja tulishuka, tukapiga picha, tukapigiwa honi. Saa nzima ilipotea kwenye duka la vinyago ambako, baadaye tulielewa, alikuwa na kamisheni yake. Jioni nilimuuliza binti yangu ameona nini, akaniambia ameona barabara.

Nchini Kenya waongozaji wanatakiwa kusajiliwa na mamlaka ya serikali inayosimamia utalii, na wengi hufanya mitihani ya KPSGA, chama cha waongozaji wa safari, kinachotoa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Omba kuona kitambulisho. Hiyo ni haki yako, wala si kumdharau mtu. Hata hivyo cheti hakimalizi jambo. Mpigieni simu siku chache kabla, mmpime kwa maswali mawili au matatu ya hapa kwetu.

Mwulize, kwa mfano, mlima ulio mashariki ya Thika una majina mangapi. Anayejua atakwambia kuwa Ol Donyo Sabuk ni Kimaasai, mlima mkubwa. Kwamba Kilimambogo ni kwa ajili ya mbogo wanaoishi msituni humo. Na kwamba Wakikuyu huuita Kianjahi na Wakamba Kyanzavi, majina mawili yanayorudi kwenye mmea mmoja, ile mbegu nyeusi ya jamii ya kunde tunayoila, njahi. Mtu anayeyajua majina hayo manne amekaa na wazee wa pande zote za mlima. Mwulize pia ni nani amezikwa kule juu. Akisema "Lord" McMillan, usimkatae kwa hilo tu, maana wengi husema hivyo. Lakini anayekusahihisha kuwa huyo alikuwa na cheo cha Sir, hakuwa lord, amesoma.

Jambo la mwisho kuhusu mwongozaji: mwambieni mnataka sehemu nne, si nane. Akiona ni chache mno, tafuteni mwingine.

Pesa izungumzwe mapema

Mapatano yote yawe kwa ujumbe wa simu, ili yabaki. Yataje mambo haya: ada ya mwongozaji kwa siku, gari na mafuta, nani analipia kiingilio, chakula cha mwongozaji na dereva, na saa ya kurudi. Lipeni sehemu kama arubuni, salio jioni. Mweka hazina wa chama alipe kwa M-Pesa ili kila mtu aone risiti.

Kiingilio cha hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa mtandao, si kwa noti langoni. Lipeni siku moja kabla, mkiwa na intaneti nzuri, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha taifa, kwa kuwa raia hulipa ada nafuu kuliko mgeni. Nimewahi kuona kundi likisimama langoni saa nzima kwa sababu simu ya aliyetakiwa kulipa ilikuwa imezima.

Na tafadhali, atakayetoka shifti ya usiku asiingie garini moja kwa moja. Abadilishane zamu au asubiri safari nyingine. Mlima huu si wa kupandwa na mtu ambaye hajalala.

Asubuhi: Kilimambogo

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya Garissa huwa na malori mengi kadiri jua linavyopanda. Mtapita kando ya mashamba ya mananasi, na hapo tayari swali lenu lina kazi. Kuna watu garini ambao mama zao walivuna humo. Mpeni mmoja wao nafasi asimulie kabla ya mwongozaji kufungua kinywa.

Hifadhi ya Ol Donyo Sabuk ilianzishwa mwaka 1967. Kilele kina mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, na kutoka langoni hadi juu ni kama kilomita 9 za barabara ya vumbi. Wanaotaka kupanda kwa miguu ni lazima waandamane na askari wa KWS, kwa sababu ya mbogo. Msibishane naye na msitangulie mbele yake. Wenye watoto wadogo au wazee wapande na gari hadi kwenye makaburi, ambako ni karibu kilomita 7, kisha wenye nguvu wamalizie kwa miguu. Siku ya anga safi, kutoka huko juu huonekana Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili.

Kwenye makaburi kaeni. Msipite. Hapo amelala Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, akaja kumiliki ardhi kubwa mno upande huu, na nyumbani kwake Juja alimpokea Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alifariki mwaka 1925. Yuko pia mkewe, Lady Lucie. Husimuliwa kwamba Sir William alitaka kuzikwa kileleni, lakini mashine iliyovuta jeneza ilishindwa njiani, naye akazikwa pale iliposhindwa.

Pembeni yao kuna kaburi la tatu, la Louise Decker, mtumishi wao. Hapa ndipo ninapowaomba mlitoe swali kwa sauti. Mtumishi wa nyumbani amepata jiwe lenye jina, na hilo ni jema. Lakini nani alichimba shimo katika mwamba huu? Nani alikata msitu ili njia ipite? Wanaume Waafrika waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi wa wakati ule walivaa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma, tangu sheria ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hawana jiwe hapa. Lady McMillan alijenga maktaba Nairobi kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo mtoto wako anaingia. Mwambie hayo mkiwa mmesimama pale pale kaburini, naye hatayasahau.

Mara ya mwisho tulipokwenda, mwongozaji wetu alinyamaza baada ya swali hilo. Kisha akasema babu yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chini ya mlima, na hajawahi kumtaja kwa mgeni yeyote kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Alituonyesha kwa kidole palipokuwa na kambi yao. Ilikuwa nyika tupu, lakini sote tuligeuka kuitazama.

Mchana: Fourteen Falls

Mkishuka mlimani, Fourteen Falls haiko mbali. Ni maporomoko ya Mto Athi, yenye kimo cha mita 27 hivi, na jina limetokana na mikondo 14 ya maji inayoonekana wakati wa kiangazi. Mvua za masika zikikolea, mikondo huungana ikawa ukuta mmoja wa maji mekundu. Miezi mizuri ya kwenda ni ile isiyo ya mvua nyingi, yaani Januari na Februari, au Julai hadi Septemba.

Nendeni kwa kundi, mkae kwa kundi, na mabegi yakae garini pamoja na dereva. Vijana watakuja kuwapa huduma ya mashua, au kujitolea kuruka wenyewe kutoka mwambani mkitazama. Patana bei kabla. Binafsi siwalipi wa kuruka, kwa sababu sitaki shilingi yangu iwe sababu ya mtoto wa mtu kuvunjika shingo. Mashua, ndiyo, maji yakiwa tulivu, na kwa jaketi la kuokolea tu.

Msinywe wala msiogelee. Mtaona povu na pengine mtasikia harufu. Mto huu umepita Nairobi na viwanda vyake kabla ya kufika hapa. Mimi ni mtu wa kiwanda, na sioni aibu kusema kwamba hapa swali la mikono linatugeukia sisi. Majitaka haya yalitoka kwenye mabomba, na mtu fulani aliyefungua valvu alikuwa kwenye shifti. Piramidi huachiwa vizazi, na mto mchafu nao huachiwa vizazi.

Kula kwenu kuwe hapa au njiani. Bebeni githeri, chapati na chai kwenye thamosi, na rudisheni takataka zote Thika.

Alasiri: mugumo na maji mawili

Rudini mjini kufikia saa tisa. Nendeni kwenye bustani ya Mugumo, na hapa mwongozaji wa kulipwa ampishe mzee wa mtaa. Tafuteni mapema, kupitia kanisa au jirani, guka au shosho, yaani babu au bibi, anayeukumbuka vizuri mwaka 1963 na aliye tayari kuja. Atafutiwe kiti na kivuli, asiwekwe zaidi ya nusu saa. Mtu mmoja tu ndiye aulize kwa niaba ya wote, aanze na salamu: "Guka, tumekuja kukusikiliza."

Habari yenyewe inajulikana. Mugo wa Kibiru, mwonaji wa Wakikuyu wa karne ya 19, alitabiri kuja kwa wageni wenye mavazi kama mabawa ya kipepeo, na nyoka wa chuma atakayetambaa nchini. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Husimuliwa pia kwamba mti mkubwa wa mugumo hapa ungeanguka utawala wa wageni ukikaribia kuisha, na kwamba Waingereza waliposikia hayo waliuzungushia chuma ili usimame. Mti ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Mzee atawapa kile ambacho vitabu havina: alikuwa wapi aliposikia, mama yake alisema nini, watu walikuja kutazama kwa miguu kutoka wapi. Na mwulizeni pia, nani alipewa kazi ya kuufunga mti ule chuma? Huenda naye alikuwa mtu wetu, akitafuta posho ya siku.

Malizieni Blue Posts, hoteli iliyoanza mwaka 1908, ambako Mto Chania na Mto Thika huporomoka karibu karibu na huonekana kutoka bustani moja. Ulizeni utaratibu wa wageni wasiolala, agizeni chai, muwe na adabu kwa wenyeji. Wasafiri wazungu walipumzika hapa wakielekea kaskazini, na eneo hili likajulikana duniani kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake Thika. Ni kumbukumbu ya mtoto wa mlowezi. Za watoto wa vibarua waliopalilia kahawa ya wazazi wake hazikupata mchapishaji. Hilo si kosa la kitabu. Ni pengo, na kuliziba ni kazi yetu.

Kokote mtakakokuwa, watoto wasipande juu ya makaburi, na asiwepo wa kuchora jina lake kwenye jiwe au gome. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inalinda kumbukumbu za taifa, lakini heshima itangulie sheria.

Daftari

Nunueni daftari moja la chama, lile la bei ndogo la shule. Garini, jioni, kabla usingizi haujawachukua, lizungushwe. Kila mtu aandike jambo moja alilosikia ambalo hakulijua asubuhi, na jina la aliyelisema. Asiyejua kuandika amwambie jirani yake. Dereva aandike pia.

Yule mama wa kitengo cha kufungasha, aliyetaka Misri, alikaa na daftari lile muda mrefu kuliko wote. Baadaye nilisoma alichoandika. Alikuwa ameandika tarehe, majina ya wote 14 tuliokuwa kwenye matatu, idara ya kila mmoja, na mwaka ambao kila mmoja alianza kazi. Juu ya ukurasa aliweka jina la babu wa mwongozaji wetu, lile alilotutajia kule mlimani.

Merer wa Misri hakuandika zaidi ya hayo: nani alikuwepo, walibeba nini, siku gani. Anzeni na ukurasa kama huo.